Shahidi wa Lucious Tolliver

Verlene Tolliver alikuwa anachemsha sukumawiki kwa mguu wa nguruwe wakati Lucious, baba wa babu yake, alipopanda ngazi za trela walimoishi akikung'uta udongo kwenye viatu. Lucious alikufa zamani, hata Mozelle, mama yake Verlene, hakumkuta. Lakini pua ilikuwa ya ukoo. Verlene alimwambia afute miguu, akaongeza maji kwenye sufuria.

Alikuja kwa sababu. Ofisi ya mikopo ya nyumba ya serikali, huko kaunti ya Pell, Alabama, ilimwambia Verlene kwamba karibu kila kitu kinamruhusu. Anaishi mashambani, mshahara wake wa kiwanda cha kuku ni mdogo wa kutosha, na hadaiwi na mtu. Kilichobaki ni ardhi. Hati bado ilikuwa na jina la Lucious, naye hakuacha wosia. Wengi wa rika lake hawakuacha. Waliona ardhi ikiwa ya ukoo mzima, hakuna mmoja atakayelaghaiwa akaiuza. Serikali nayo haikopeshi nyumba juu ya ardhi ya ukoo mzima. Cheti cha kifo hakikuwepo, maana enzi zile karani wa kaunti hakujisumbua kuandika vifo vya watu weusi.

Basi Jumapili, akipalilia kaburi la Lucious na kupanga upya vikombe vilivyovunjika vya kulipamba, Verlene alilalamika kwa sauti. Alisema trela inavuja, ukungu umepanda ukutani hadi kitandani kwa mama, na daktari amesema kifua cha mama hakitavuka baridi nyingine humo ndani. Lucious alisikia.

Mozelle, ambaye sasa alikuwa mzee kuliko umri aliofia Lucious, alimtazama akimaliza sahani ya pili.

"Babu, hukuja hata harusini kwangu. Leo umesikia harufu ya mguu wa nguruwe."

"Huko hawapiki," alisema Lucious.

Asubuhi walikwenda ofisini wote watatu. Karani, kijana mpole aitwaye Pruitt, alisema hili linarahisisha mambo. Mwenye hati yupo, basi amwandikie Verlene ardhi yeye mwenyewe, na mkopo utapita. Alisogeza karatasi na kalamu. Lucious aliziacha mezani.

"Kaka yangu Amos aliweka alama yake kwenye dirisha lile pale," alisema. "Aliambiwa anakopa mbegu za pamba. Pamba ilipovunwa, shamba si lake."

Pruitt alisema anasikitika, na kwamba siku hizi utaratibu ni mwingine. Mozelle akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, na watu ofisini walisimamisha kazi kungoja kiishe. Kilipoisha, Lucious alichukua kalamu akachora msalaba wake.

Pruitt aliuangalia. Alisema alama ya mtu asiyejua kuandika inataka shahidi, mtu aliyemjua, asiye wa ukoo. Verlene aliwataja mchungaji, mkunga na mhunzi. Wote walikuwa makaburini, wangekuja wakiitwa, lakini wote walikuwa wameoa au kuolewa kwa kina Tolliver. Pruitt alitafuta kwenye kompyuta, akasema yupo mmoja.

Bwana Vickery aliingia na suti iliyopigwa pasi. Yeye alikuwa na cheti cha kuzaliwa na cha kifo, na picha yake ya enzi alizokopesha mbegu ilining'inia ukutani hapo hapo, juu ya pipa la maji ya kunywa. Akina mama wa ofisi walisimama, mmoja akamletea kahawa.

"Huyu kijana namjua vizuri," alisema akimwonyesha Lucious. "Na Amos nilimjua."

Angeshuhudia kwa furaha. Kwa usumbufu wake alitaka kipande kidogo tu, kile cha kuteremka kijitoni, penye makaburi. Pruitt alifungua kanuni, akasoma, akasema hazikatazi. Upande uliobaki ungetosha nyumba, choo na yote.

Lucious alivaa kofia. Verlene alimgeukia mama yake.

"Mama, ni makaburi tu."

"Na mimi utanizika wapi?" alisema Mozelle, akakohoa tena.

Verlene aliivuta karatasi yenye msalaba. Aliikunja, akaitia mkobani, akamshika mama mkono hadi kwenye gari. Lucious alikaa kiti cha nyuma.

Mvua ilianza kabla hawajafika. Lucious hakurudi kijitoni. Alivuta kiti hadi kando ya kitanda cha Mozelle, akashika beseni chini ya tundu la paa. Lilipojaa alilimwaga nje, akarudi akalishika tena. Verlene alimkuta amekwishavua viatu, basi akamtandikia blanketi sakafuni.

Mjini, Pruitt alipokuja kuzima taa, Bwana Vickery alikuwa bado kwenye benchi na kahawa yake. Pruitt alimwambia wale watu wameshaondoka. Vickery alisema anajua, hana haraka. Amekisikia kile kikohozi.