Ngata ya Mzee Waitara

Niseme mapema tusisumbuane: kosa lilikuwa langu. Mimi Ghati, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye niliyegawa mtaro kwa koo. Watu wa juu wachimbe kutoka kwenye chemchemi wakiteremka, sisi wa bondeni tuchimbe tukipanda, tukutane katikati. Nawajua wanaume wetu. Mwambie mtu wa Nyanungu, kijiji chetu hiki, achimbe mtaro, atakuuliza togwa iko wapi. Mwambie wenzake wa ng'ambo wamemwacha nyuma, atachimba mpaka mpini uvunjike.

Na walichimba, haki ya Mungu! Kilometa tatu, kina cha kiuno, kwa majuma matatu tu. Nikajiona nina akili kweli kweli.

Nilikuwa na sababu ya kukimbizana. Kwenye mkutano wa kijiji nilisema tunaweza kuleta maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe kutoka mlimani, tuchimbe wenyewe, wilaya itupe mabomba. Mzee Waitara alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi.

"Kamati ya wanawake ilete maji? Yakifika hapa, ndoo ya kwanza nitaibeba mimi, kichwani, mchana kweupe. Yasipofika, Ghati, unaachia kiti, na kwenye mkutano huu hufungui mdomo tena!"

"Shikamoo, tata," nikamjibu, maana kwetu mzee ni baba. "Anza kutafuta ngata."

Watu wakaangua kicheko. Nani alishawahi kumwona mzee wa Kikurya na ndoo kichwani? Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naumia. Tulikuwa tunakunywa maji ya mto pamoja na ng'ombe, na mwaka uliopita kuhara kulimlaza binti yangu Beatrice mpaka nikaanza kumlilia akiwa hai. Wakinifunga mdomo mimi, hayo atayasema nani?

Basi Alhamisi moja asubuhi akanipigia Emanueli, fundi wa mabomba. "Mama, lori linafika kesho. Mtaro usipokuwa mzima, dereva ameambiwa apeleke mabomba kijiji kinachofuata."

"Mtaro umeisha!" nikasema kwa maringo, nikapanda kukagua.

Haukuwa umeisha. Mtaro wa juu ulikuja mpaka ukingo wa njia ya ng'ombe, ukakoma. Wa bondeni ulipanda mpaka ukingo wa pili, nao ukakoma. Katikati hatua ishirini za ardhi kavu, haijaguswa hata na kidole. Wanaume wamekaa huku na huku wanatazamana.

"Hiyo njia ni yao," akasema Ryoba, kiongozi wa wachimbaji wa juu.

"Yetu tangu lini?" akafoka Mzee Waitara upande wetu.

Hapo nikaelewa. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa tunafuata nyayo, na nyayo zikiishia kwenye ardhi ya ukoo fulani, kesi ni ya ukoo huo. Njia ile miaka yote haina mwenyewe. Atakayeichimba ndiye amekiri ni yake, pamoja na nyayo zote zitakazoishia pale. Na mimi, mjuaji, nilikuwa nimegawa kazi kwa koo!

Nikawasihi, wakanikaushia. Nikawatukana kidogo, wakaangalia pembeni. Mwisho nikachachamaa. Nikamnyang'anya Ryoba sururu.

"Mimi nimezaliwa juu, nimeolewa bondeni. Nyayo zikiishia hapa, njooni mniulize mimi!"

Nikapiga. Ardhi ngumu, sururu ikaruka nusura initoe meno. Nikapiga tena. Wanawake walioleta togwa wakatua vyungu vyao mmoja mmoja, maana nani kati yao hakuzaliwa upande huu akaolewa upande ule? Wa kwanza kushika jembe alikuwa Verdiana, mke wa Mzee Waitara mwenyewe. Yule mama shingo yake haigeuki. Akitaka kukuangalia anageuza mwili mzima.

"Verdiana!" mzee akapiga kelele. "Acha! Shingo yako!"

Mama akageuka polepole, mwili wote, mpaka akamkabili. "Shingo hii iliharibiwa na nini, Waitara? Ni jembe?"

Miaka arobaini ya ndoo za mtoni, kila mtu pale alikuwa anaijua. Mzee akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi. Akaingia njiani, akalitoa jembe mikononi mwa mkewe taratibu, akaanza kuchimba. Ryoba kuona vile akaruka na beleshi, na wengine wote wakamfuata kwa fujo mpaka nikaogopa watakatana vidole. Jua lilipozama mtaro ulikuwa mmoja. Ijumaa lori likashusha mabomba kwetu.

Siku ya kufungua maji kijiji kizima kilikuwa pale. Bomba likakohoa hewa, likatema tope, mimi roho mkononi. Halafu yakaja, meupe, yana baridi ya mlimani! Weee, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Beatrice wangu alikinga viganja akanywa, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu.

Hakuna aliyemkumbusha Mzee Waitara. Alikuja mwenyewe, ngata ya majani makavu ya mgomba tayari kichwani. Ryoba akataka kumsaidia kuishikilia ndoo, akamfukuza. Akaondoka anayumba, maji yanamchuruzika kwenye koti, watoto wanashangilia nyuma yake. Akawapita wazee wenzake wote bila kusimama, mpaka mlangoni kwake alipokuwa amekaa Verdiana. Akatua ndoo. Akachota kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama. Na ya kesho nitaleta mimi."

Verdiana akageuza mwili mzima, akaangalia ndoo, akamwangalia mumewe alivyolowa.

"Umemwaga nusu," akasema, machozi yanamtoka, akanywa kikombe chote.