Mahindi Meusi

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi huo ndio ulioniponza. Nyumbani Kisii waliniita Bosibori wa Jiki, ile dawa ya kuondoa madoa, na sikuona ubaya.

Tunakaa huku ughaibuni, Crescent Town, ghorofa ya kumi na moja, mimi na Mama Eulalia. Ni mama wa Meksiko, amepita miaka sitini, mfupi, mcheshi, na Kiingereza chake kibovu kama changu, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana. Mimi nahudumia wazee kwenye makao yao. Yeye hulea Ella, mtoto wa jirani yetu Donatienne, Mkongo wa ghorofa ya saba anayefanya kazi kiwandani. Jina langu lilimshinda, akaniita Bosi. Nikaona linanifaa.

Kila Jumamosi Mama Eulalia hupika atole. Siku ya kwanza nilichungulia sufuria nikamwambia, "Mama, huu ni uji."

"Si uji. Ni atole."

"Unga wa mahindi, maji, maziwa, sukari, mwiko hautulii. Ni uji huo!"

"Uji wenu una mdalasini?"

"Na wenu una ndimu?"

Tulibishana hadi sufuria ikaisha. Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yetu. Alinifundisha kuwa mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa, yakalala humo mpaka maganda yakalegea, ndipo yakaoshwa na kusagwa. Mjini hapa hununua unga uliokwisha kutengenezwa hivyo, akanung'unika kwamba hauna roho.

Sasa, mwezi wa tatu nilipata siku mbili za mapumziko, yeye yuko chini kwa Donatienne. Nikafungua makabati nianze kusugua na kufuta. Chini kabisa, nyuma ya sufuria kubwa, nikakuta mfuko wa kitambaa. Ndani, mahindi. Lakini mahindi gani hayo, jamani! Meusi, yenye samawati ya vumbivumbi, kama mkate uliosahaulika. Moyo ulinipiga paa. Shangazi yangu aliolewa Makueni, na mwaka ule wa mahindi ya sumukuvu tulimzika yeye na mwanawe wiki moja. Punje zilizovunda nazijua. Na kando ya mfuko kulikuwa na kikopo cha chokaa nyeupe, tayari kwa kuyapika. Nikasema, haki ya Mungu, huyu mama atatuua.

Nikabeba vyote hadi kwenye tundu la taka la koridoni, nikamimina. Mahindi yakashuka ghorofa kumi na moja yakilia kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikajisifu.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Mama Eulalia amepiga magoti jikoni, sufuria zote sakafuni.

"Bosi, umeona mahindi yangu? Yale meusi?"

Akaendelea: "Ya mama yangu. Aliyapanda mwenyewe, ndiyo ya mwisho. Mwezi ujao anatimiza mwaka tangu afe. Nilitaka kumpikia atole yake."

Meusi. Kumbe ndiyo rangi yake! Kusema kweli nilitaka kusema, lakini uso wake haukutazamika kwa huzuni, na mimi mwoga, nimezaliwa mwoga, makelele yangu yote ni ya kuficha hilo.

Akashika kichwa. "Au niliyapika nikasahau?"

Nikasema, "Labda."

Neno moja tu. Nilidhani nimejiokoa. Sikujua, Mungu ni shahidi wangu, kwamba mama yake alikufa amesahau kila kitu: jiko, choo, majina ya watoto aliowazaa. Na kwamba mama yake huyo alianza hivyohivyo, kwa kutafuta vitu alivyokuwa amevitumia. Hayo Mama Eulalia aliniambia jioni ile, kwa sauti ndogo, na mimi nikakaa nikimsikiliza kama jiwe.

Kesho yake makaratasi yakaanza. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango: FUNGUO. Kwenye friji: MAZIWA, na tarehe. Nikirudi kazini naona mengine. Kwenye mlango wa chumba changu alibandika: BOSI. ANAISHI HAPA. MWAMINI. Niliposoma hilo niliingia chooni nikalia huku nimefungua bomba asisikie. Kila asubuhi niliapa nitasema jioni, na jioni nasema kesho. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini mimi nilikuwa nazidi kumwaga.

Ijumaa ya wiki ya tatu Donatienne akanikamata kwenye lifti, macho mekundu. "Bosibori, Mama Eulalia hataki tena kulinda Ella. Yeye eko nasema atasahau mutoto mu maji. Ni kweli, dada?"

"Sijui," nikasema. Aibu hiyo! Mtu mzima, eti sijui.

Jumamosi Mama Eulalia akapika atole ya kumuaga Ella. Nilimkuta amebandika karatasi ukutani, hatua kwa hatua, mtu aliyepika kitu hicho miaka hamsini.

"Bosi, nimeweka sukari?"

"Umeweka."

"Uliniona? Una hakika?"

Hapo nikashindwa. "Mama, ni mimi niliyeyatupa."

"Nini?"

"Mahindi. Nilidhani yameoza. Nikayamwaga kwenye taka, na chokaa. Hukuyapika. Hukusahau kitu."

Akageuka polepole. "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?"

"Kizima kuliko changu."

Akapiga ishara ya msalaba, akacheka, akanikumbatia kwa nguvu hadi mwiko ukanipaka atole mgongoni. Alicheka akilia. Nami nikalia, nikadhani yameisha, mjinga mimi. Kisha mikono yake ikalegea.

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Hata punje moja?"

Nikatikisa kichwa. Nyuma yake atole ikaanza kuungua, na hakuna aliyeikoroga. Akazitazama kuta, ZIMA, FUNGUO, MAZIWA, halafu akanitazama mimi.

"Mahindi ulikosea," akasema. "Hata mimi ningeogopa. Lakini haya makaratasi, Bosi, uliniona nikiyaandika. Wiki tatu uliniona."

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe lilisikika jepesi. Alizima jiko, akampigia Donatienne simu kumwambia Jumatatu amlete Ella kama kawaida, kisha akaanza kubandua makaratasi, moja baada ya jingine, bila kelele. Mimi nilisugua sufuria iliyoungua. Nilisugua hata palipokuwa pameshatakata.

Nilipokwenda chumbani nilikuta karatasi ya mlangoni bado ipo. BOSI. ANAISHI HAPA. Neno la chini lilikuwa limechanwa, taratibu, kwa mkono uliofuata mstari.