Kamera Kifuani

Neno lenyewe lilikuwa dogo tu: ndiyo. Binti alilisema kwenye ngazi za kliniki, akiwa amemshika baba yake mkono asije akateleza, na kwa wiki tatu nzima tangu siku hiyo usingizi ulimpa kisogo.

Siku ile daktari kijana wa zamu alieleza mambo mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Uvimbe upo pafu la kulia, kipande cha chini. Wataingia kwa matundu madogo matatu, kwa kamera, bila kupasua kifua chote. Majibu ya kipande kidogo cha nyama kilichotolewa kwa sindano kupimwa ndiyo haya, akawasukumia karatasi. Neno saratani halikutoka mdomoni mwake. Lilikuwa limeandikwa tu pale, na mzee bila miwani haoni hata kichwa cha habari. Katika maelezo yote yale mzee alidaka neno moja, na hilo alilijua kuliko madaktari wote wa jengo lile. Kamera. Alikuwa amepiga watu picha studio kwa miaka arobaini na mmoja. Mtaa mzima ulimwita Cheka Kidogo, maana ndivyo alivyomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza, hata wale wa picha za pasipoti ambao hawaruhusiwi kucheka.

"Kwa hiyo wanataka kunipiga picha ya ndani?" aliuliza kwenye ngazi.

"Ndiyo, baba."

Jamani, binti huyu hakuwa mwongo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kumnyima mwanafunzi maksi kwa kusahau alama ya kutoa. Lakini alimjua baba yake. Miaka tisa nyuma, mama alipofia kwenye meza ya upasuaji, mzee alikula yamini mbele ya ndugu wote kwamba yeye kisu hakimgusi, atakufa na vyake vyote. Na mzee yule akisema hapana, amesema. Binti akapiga hesabu yake. Akimwambia ukweli, atakataa, na uvimbe utaendelea kukua. Akimficha, atapona, halafu atakasirika akiwa hai. Akachagua baba aliye hai. Mnaotaka kumlaumu mlaumuni, mimi simo.

Ila uongo ule ukazaa mwingine. Fomu ya ridhaa ilipoletwa, alimsomea kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe.

"Umeiona miwani yangu?" mzee aliuliza, akipapasa mifuko.

"Tumeisahau nyumbani, baba."

Miwani ilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya leso. Mzee akasaini pale alipoonyeshwa kwa kidole, akatania kwamba wakishampiga hiyo picha wamsafishie kopi mbili, moja aitundike studio. Binti akacheka naye.

Asubuhi ya siku yenyewe mzee alikuwa ameketi kwenye kitanda cha magurudumu, ndani ya gauni la hospitali lililofungwa kamba mgongoni, miguu yake myembamba ikining'inia. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi alikuwa ameshika kitanda tayari kusukuma. Lakini daktari bingwa, mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa na utaratibu wake ambao wauguzi wenye haraka waliunung'unikia kila siku: kitanda hakiondoki mpaka mgonjwa aseme kwa mdomo wake mwenyewe anachokwenda kufanyiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Hebu niambie kwa maneno yako. Leo tunakufanyia nini?"

"Mnanipiga picha," mzee akajibu, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analoliweza. "Mnaingiza kikamera kifuani, mnapiga, mnatoa. Ila angalieni mwanga. Kwenye kiza picha hujaa chenga."

Muuguzi akaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"Na baada ya picha?"

"Naenda nyumbani kunywa chai! Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Daktari akafunga faili, akamtazama binti. Binti akatazama sakafu. Alijihisi amesimama uchi katikati ya wodi.

Nje kwenye korido daktari hakupandisha sauti. "Nani alimweleza?"

"Mimi."

"Basi mwambie ukweli. Namtanguliza mgonjwa mwingine, mna muda kama saa mbili. Simtoboi mtu asiyejua anatobolewa kwa nini."

"Akijua atakataa, daktari. Na akikataa atakufa."

"Huenda. Lakini kifua ni chake."

"Mwambie wewe, nakuomba. Wewe atakusikiliza."

"Ya kitabibu nitamweleza yote. Hilo la kwako nenda kaliseme mwenyewe."

Binti akapiga moyo konde, akarudi, akavuta pazia. Alitamani kupiga magoti, akajizuia. Akatoa miwani kwenye mkoba na kuiweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Baba, si picha. Ni upasuaji. Una saratani ya pafu, wanataka kutoa kipande kizima. Nilijua. Tangu siku ile kwenye ngazi nilijua."

Mzee alivaa miwani, akaomba fomu yake, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole, polepole, mpaka kwenye sahihi yake. Binti alisikia toroli ya dawa ikipita nje na kurudi. Akaanza kulia.

"Usinililie," mzee akasema. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. "Unajua mama yako nilimwambia nini siku ya upasuaji wake?"

"Sijui, baba."

"Nilimwambia ni jambo la dakika kumi. Alikuwa anaogopa, nami nikaogopa kumwona anaogopa. Nikamwambia ni kidogo tu, utatoka tule pamoja. Akaingia mle akinicheka, nilikuwa nimefunga vifungo vya shati kombo. Hakuniaga. Angeniaga vipi, na mimi nimemwambia hakuna safari?" Akavua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. "Miaka tisa nakilaumu kisu. Kumbe neno la mwisho la mke wangu nilijinyima mwenyewe. Na wewe ulikuwa unanipeleka mle mle."

Binti alikuwa ameogopa hasira ya baba yake wiki tatu, na sasa angeifurahia hasira kuliko uso ule.

"Niitie daktari," mzee akasema.

Daktari akaja, akavuta kiti, akaeleza bila haraka. Mzee akamhoji kama anayenunua mashine.

"Hiyo kamera ni nene kiasi gani?"

"Kama kidole changu cha mwisho."

"Na matundu yakigoma?"

"Nitafungua kifua."

Mzee akameza mate. "Nitaweza kupanda ngazi za studio?"

"Kwa kupumzika katikati."

"Na ugonjwa wote utakuwa umetoka?"

"Nitatoa kipande chenye uvimbe na tezi za karibu. Tezi zikipimwa ndipo tutajua kama umesambaa. Siwezi kukuahidi, mzee."

"Afadhali wewe," mzee akasema. Akaweka mkono juu ya mbavu zake za kulia. "Haya. Toboeni. Lakini kwanza niacheni na mwanangu."

Wakaachwa. Mzee akamwagiza binti amsalimie shangazi yake na kumwombea radhi kwa maneno aliyomtolea kwenye msiba wa mama, shangazi mwenyewe anayajua. Akamwambia mama yake alikuwa akimsifia yeye kwa majirani mpaka anakera. Akamwekea mkono kichwani.

"Nisipoamka, nakuacha na radhi zangu zote. Ila nikiamka, mwanangu, tutagombana. Nitakugombeza mpaka ukome. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba. Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana umeharibu." Akalala chali, akamwita muuguzi asukume.

Kwa muda wa saa tatu na nusu binti alikaa kwenye benchi la korido. Simu ya shangazi iliita mara tano, hakuipokea. Mlango ukifunguliwa alisimama, ukifungwa aliketi. Daktari alipotoka alikuwa na alama ya barakoa usoni. Matundu yametosha, alisema. Kipande kimetoka. Tezi zimepelekwa maabara, majibu yake watasubiri.

Wodi ya uangalizi waliruhusu mtu mmoja. Mzee alikuwa amelala na mpira wa oksijeni puani, mrija mwingine ukitoka ubavuni hadi kwenye chupa sakafuni, maji ya chupa yakibubujika kila alipopumua. Alionekana mdogo kwenye kitanda kile. Binti akashika vidole vyake, vilikuwa na baridi.

Baada ya muda mrefu macho yakafunguka, yakazunguka chumba, yakamkuta.

"Mwongo," mzee akanong'ona. "Mwongo mkubwa wewe."

Machozi yakamtiririka binti mpaka kidevuni. Katika maisha yake hakuwahi kutukanwa akafurahi namna ile.

"Nigombeze, baba."

Mzee akafumbua mdomo, maumivu yakamkata, akafumba macho. "Ngoja," akasema. "Ngoja nipate pumzi."

Binti akavuta kiti karibu, akaketi kumngoja.