Unga wa Vitu Saba

“Toa hicho kijiko, Mama Sheryl! Utamng’oa mtoto meno.”

“Meno ya kazi gani, kama hali?”

“Kwanza muulize kama amemeza hicho cha kwanza!”

Hakuwa amemeza. Uji ulikuwa umejazana shavuni mwa Sheryl kama pamba. Mtoto hakulia. Alimtazama mama yake jinsi askari wa geti anavyomtazama mgeni asiye na barua, kisha akafungua mdomo, na uji wote ukateremka polepole juu ya gauni la kanisani.

Nalianya, baba yake Sheryl, alisukuma kiti nyuma, akasimama.

“Nimechoka. Kila mlo ni vita. Jumamosi naenda nyumbani Webuye, na Sheryl naenda naye. Tiketi nishakata. Mama yangu alilea watoto saba, na hakuna hata mmoja alikataa chakula.”

“Hawakukataa kwa sababu alikuwa anawaziba pua. Si wewe mwenyewe uliniambia?”

“Na wewe, juzi ulimziba nani?”

Dolphine alikiweka kijiko mezani. Juzi alikuwa ameziba.

“Akikula sahani moja nikiona na macho yangu kabla ya Jumamosi, atabaki,” Nalianya alisema, sauti ikiwa imeshuka. “Asipokula, anaenda kwa mama yangu, kukhu yake. Ana miaka mitatu, Dolphine. Huyu si ng’ombe ya kulazimishwa dawa.”

Neno hilo la ng’ombe lilimchoma Dolphine, kwa sababu alikuwa na diploma ya mifugo. Alifanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, na kazi yake ilikuwa kupanga mchanganyiko: protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, chokaa kiasi gani, ili kuku atage na ndama anenepe. Mwaka huo wa 2003, Sheryl alipoanza kugeuza uso kila akionyeshwa sahani, Dolphine alikaa chini na kalamu kama alivyozoea. Alipiga hesabu akapata unga wa vitu saba: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, mbegu za mchicha, na dagaa wa omena waliokaangwa wakakauka. Alivipeleka mwenyewe kwa mashine ya kusaga pale Kitengela, akasimama mlangoni mpaka gunia la mwisho likatoka, mwenye mashine asije akachanganya na unga wa mtu mwingine. Kwenye karatasi, hakukuwa na mtoto Kajiado nzima mwenye chakula bora kuliko Sheryl.

Lakini Sheryl hakusoma karatasi.

Jumanne Dolphine alimpeleka kliniki. Sista alimning’iniza Sheryl kwenye mizani, akatia nukta kwenye kadi, akatabasamu.

“Anapanda vizuri sana. Tangu mwezi wa sita ameongeza karibu kilo moja.”

“Hiyo mizani imeharibika,” Dolphine alisema.

“Mama, nimepima watoto thelathini leo.”

“Basi imeharibikia kwa huyu. Huyu mtoto hali kitu.”

Sista alimtazama Sheryl, mashavu yake, mapaja yake, halafu akamtazama mama. “Kama hali kitu, basi anashiba upepo wa Kitengela. Mwendelee hivyo hivyo.”

Jioni alimwonyesha Nalianya kadi. Nalianya aliigeuza mbele na nyuma, akaiweka mezani. “Hii ni karatasi. Mimi naona sahani.” Sahani ilikuwa pale pale mezani, imejaa, imepoa.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia Dolphine, na ilipoingia ilikaa kitako. Mtoto anakataa asubuhi. Anakataa jioni. Uzito unapanda. Kati ya asubuhi na jioni yuko na nani? Yuko na Tabitha.

Tabitha alikuwa msichana wa kazi, mtu wa Kisaju, mpole, na majibu yake yalikuwa mafupi kupita kiasi. “Mchana amekula?” “Amekula, Auntie.” “Uji?” “Uji.” “Wote?” “Wote.” Mpaka wakati huo Dolphine alikuwa akisikia majibu hayo kwa furaha. Sasa aliyasikia upya, akaona yamenyooka mno.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, alichora alama ya biro ndani ya pipa la unga. Jumatano jioni unga ulikuwa umeshuka vidole vitatu. Uji wa mtoto mmoja haushushi pipa vidole vitatu. Akachukua sufuria ya uji, akainusa. Unga ule una omena, na harufu ya omena haitoki kwa kuosha. Ukipikwa uji wake mara moja, sufuria inanuka mpaka kesho yake. Ile sufuria ilinuka sabuni tu. Akakumbuka kwamba hata nyumba yenyewe ilikuwa haijanuka omena kwa muda mrefu, isipokuwa Jumapili asubuhi alipopika mwenyewe, na yeye akadhani amezoea.

Alimchunguza Sheryl wakati wa kumwogesha. Sweta ilinuka moshi, na wao walipikia gesi. Nyuma ya sikio kulikuwa na unyoya mdogo wa kuku, na wao hawakufuga kuku.

“Sheryl, mlienda wapi leo?”

“Tulienda.”

“Wapi?”

Sheryl alifunga mdomo kwa namna ile ile aliyoufungia uji.

Basi anauza unga wangu, Dolphine aliwaza. Anauza unga, na mtoto wangu anampeleka kwa watu nisiowajua, anashindishwa mandazi na soda. Ndiyo maana uzito unapanda. Sukari. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiupanga wizi wote ule kichwani, na kila kitu kilikaa mahali pake. Nalianya alipomuuliza ana nini, alisema kichwa kinauma. Begi dogo la Sheryl lilikuwa tayari kando ya kabati, limefungwa zipu.

Alhamisi aliaga kama kawaida, akatembea mpaka stendi, akampigia msimamizi wake kwa simu ya kulipia kwamba anaumwa, akarudi kwa njia ya nyuma. Alikaa kwenye kibanda cha mboga cha Mugure, mahali ambapo geti lake lilionekana vizuri.

“Leo huendi job?” Mugure aliuliza.

“Naenda.”

“Unaenda ukiwa umekaa?”

“Mugure, nipimie sukuma wiki na uniwache.”

Saa nne kasoro, geti lilifunguka. Tabitha alitoka amembeba Sheryl mgongoni, na mkononi kopo la mafuta ya kupikia, lile la kilo mbili, limefunikwa kwa kitambaa. Hakuelekea madukani. Alikata upande wa nyasi, akaufuata ua wa miiba hadi boma la Lemayian, mwenye shamba aliyewauzia ploti. Dolphine aliacha sukuma wiki mezani, akamfuata. Viatu vya ofisi vilizama vumbini. Hakujali. Alikuwa ameshapanga maneno: kwanza unga, halafu uongo, halafu nguo zako ziko wapi.

Alifika uani akiwa anahema, akasimama.

Kopo lilikuwa mikononi mwa Naeku, mke wa Lemayian, naye alikuwa akiumwaga unga wa vitu saba chini kwa mafungu madogo. Kuku wapatao ishirini walikuwa wameuvamia, vichwa chini, mikia juu, hata hawakumwona mgeni. Kando, kwenye kivuli cha ukuta, watoto watatu wa Naeku walikaa kuzunguka sinia moja. Wa nne alikuwa Sheryl. Mbele yao palikuwa na ugali, sukuma wiki, mayai ya kuchemsha yaliyokatwa vipande, na kikombe cha maziwa ya mgando kwa kila mmoja. Sheryl alimega ugali kwa mkono, akachovya, akala. Mtoto aliyekuwa karibu naye alinyoosha mkono kwenye kipande cha yai. Sheryl alikiwahi, akakitia mdomoni chote kwa mara moja.

“Sopa, Mama Sheryl,” Naeku alisema, kana kwamba alikuwa akimngoja.

“Ipa,” Dolphine aliitikia, kwa sababu salamu ni salamu. Kisha akageuka. “Tabitha!”

Tabitha alikuwa amesimama kama mti. “Auntie, nilijaribu kumpea uji. Wallahi nilijaribu wiki mbili. Alikuwa anatapika. Nikaogopa utanifukuza. Huyu mama akasema nilete unga kwa kuku, yeye atupee mayai na maziwa. Miezi miwili sasa.”

“Miezi miwili unanidanganya.”

“Ulikuwa unauliza kama amekula. Alikuwa amekula.”

Naeku alicheka kwa sauti, halafu akajizuia kwa adabu. “Usikasirike. Mimi nilifikiri unajua. Si wewe ndio fundi wa chakula ya kuku? Hii unga yako ni nzuri sana. Kuku zangu hazijawahi kutaga hivi. Nikamwambia Lemayian, huyu mama wa ploti amesoma.”

Dolphine alisikia masikio yake yakipata moto. Aliinama, akachota unga kidogo kwenye kopo, akauweka ulimini.

Ulikuwa kama mchanga uliolaliwa na samaki. Soya iliacha uchungu nyuma ya koo, na mchicha ukakwaruza meno. Alitema kwenye leso. Akajiuliza ni lini aliwahi kuuonja, akajua jibu: hajawahi. Kiwandani hakuna anayeonja. Unapiga hesabu, unachanganya, unafunga gunia. Kuku hajawahi kurudisha gunia.

“Maziwa mmechemsha?” aliuliza, kwa sababu shaka haimtoki mtu siku moja.

“Tumechemsha.”

“Na mikono wameosha?”

“Mama Sheryl,” Naeku alisema, “wameosha, na hapa hakuna mtu anamwangalia mdomo. Akikula, sawa. Asipokula, wenzake watamalizia. Ndiyo maana anakula.”

Wakati huo Sheryl alimwona mama yake. Mkono wake ulisimama njiani kati ya sinia na mdomo, na mdomo ukaanza kufungwa, taratibu, ule ufungaji ambao Dolphine aliujua kuliko wimbo wowote wa kanisani. Dolphine aliona kabisa kwamba lile la begi na tiketi na Webuye lilikuwa linaamuliwa pale, kwenye ule mdomo. Neno *kula* lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Akalimeza. Akawapa watoto mgongo, akawatazama kuku, akahesabu mikia mpaka kumi na saba. Nyuma yake alisikia kikombe kikinyanyuliwa, na mtu mdogo akinywa kwa makelele.

“Naeku, uko na simu?”

Naeku aliitoa simu chini ya shuka lake. Dolphine alimpigia Nalianya, ofisini kwake Kajiado.

“Baba Sheryl, rudisha hiyo tiketi ya mtoto. Haendi.”

“Amekula?”

“Anakula sasa hivi. Panda gari uje uone. Niko kwa Lemayian. Na ukifika, usimwangalie.”

“Nisimwangalie vipi na nimekuja kumwona?”

“Utakaa karibu yake na utakula chako. Kama huwezi, baki huko.” Akakata.

“Tabitha.”

“Auntie.”

“Hilo la uongo tutaliongea mimi na wewe, na hutalipenda. Lakini kazi bado ni yako. Kwanza nenda nyumbani ufungue begi ya Sheryl, nguo zirudi kabatini. Halafu mlete lile pipa lote hapa, wewe na Mugure. Mwambie nitamsalimia na kitu.”

Pipa lilikuja likiburutwa kwenye nyasi. Dolphine alivua viatu, akalikumbatia, akalipindua kwenye kona ya ghala la Naeku, vitu saba vyote mpaka ile alama ya biro ikabaki ndani ya pipa tupu. Kuku walikuja mbio. Akapangusa mikono, akaiosha kwenye jagi, akajisogeza kwenye sinia mahali palipokuwa na nafasi, si karibu sana na Sheryl, akamega ugali, akala, macho yake yakiwa uani.