Mkono Uliobanwa Ubavuni

Walimwita Nusu, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kimo kifupi. Alikuwa jaji wa mashindano ya kupanda mawimbi, na katika miaka kumi na mitano ya kukaa kwenye kibanda cha mbao cha majaji hakuna aliyewahi kumwona akitoa alama kamili. Wenzake wakitoa saba, yeye sita na nusu. Wakitoa nane, yeye saba na nusu. Ukimuuliza kwa nini, alisema nusu inayobaki anaiweka akiba, asije akatokea mtu akamkuta hana kitu. Watu walicheka. Mimi nadhani hakuwa anatania.

Kazi yenyewe, msidanganyike na picha za kwenye matangazo, ni ya upweke mtupu. Majaji watano mnakaa mstari mmoja mkitazama bahari, na kati yako na mwenzako umesimamishwa kizuizi ili asikuchungulie. Kuongea marufuku. Mshindani anadaka wimbi, anasimama juu ya ubao wake, anaugeuza mara mbili tatu, anaanguka au haanguki, nawe unaandika alama kati ya sifuri na kumi na kubonyeza kitufe. Alama ya juu kuliko zote inatupwa, ya chini kuliko zote inatupwa, na tatu za katikati ndizo zinazohesabika. Ukitoka nje, huruhusiwi kunywa chai na mshindani wala kumpa pole akipasuka mdomo. Majaji wengine wakimaliza msimu walirudi kwao. Nusu alihamia chumba kingine cha kupanga kwenye mji mwingine, na begi lake lilikuwa halifunguliwi mpaka chini.

Kila mashindano yakianza majaji hujaza fomu, na washindani nao hujaza ya kwao. Mstari wa nne kwenye ya majaji unataka jina la ndugu au jamaa yeyote aliye miongoni mwa washindani. Kwenye ya washindani, ndugu aliye miongoni mwa majaji. Nusu alikuwa akiandika "Hakuna" bila hata kusoma, na kwa miaka kumi na minne ilikuwa kweli.

Mwaka huu aliandika hivyo hivyo. Kesho yake, raundi ya kwanza ya wanawake, binti mmoja mwenye fulana nyekundu alisimama kwenye wimbi la kawaida tu, si kubwa si dogo, na Nusu akaacha kalamu ikaanguka.

Ulikuwa mkono. Binti aliubana mkono wa kushoto ubavuni, ngumi chini ya kifua, akawa anageuka kwa kutumia wa kulia peke yake. Yeyote aliyewahi kusimama juu ya ubao anajua kwamba hivyo sivyo. Mkono wa mbele ndio unaokuonyesha njia, ukiubana ni sawa na kufunga mlango kisha kutaka kupita. Majaji wengine waliona kasoro na kukata alama zao. Nusu aliona mkono wake mwenyewe.

Inabidi turudi nyuma kidogo hapa. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, Nusu alikuwa na nywele, alikuwa na mke, alikuwa na mtoto wa miezi minane, na alikuwa karibu kuingia kwenye filamu. Wakati huo kulikuwa na wapiga picha waliokuwa wakihama pwani hadi pwani wakiwarekodi wapanda mawimbi, wakiunganisha vipande na kutia muziki, na kanda zikiuzwa kwenye maduka ya mbao za kupandia mawimbi. Filamu hizo hazina hadithi. Ni maji na mtu, basi, na vijana wanazitazama mpaka kanda inachoka. Wiki mbili kabla ya kurekodi, Nusu aliteleza kwenye ngazi za nyumbani akiwa amembeba mtoto. Alikuwa na chaguo moja tu, akalichukua: alimkumbatia mtoto kifuani na kuuacha mkono wa kushoto upokee zege. Mtoto hata hakulia. Kiwiko kilivunjika.

Mpiga picha hakuwa na muda wa kungoja mfupa. Nusu akaubana mkono ubavuni, mkewe akamfunga bendeji ya rangi ya ngozi isionekane, akaingia majini akijikaza kisabuni. Alionekana dakika sita kwenye kanda, na watu wakasema, tazama mtindo ule, tazama anavyojiamini. Wakaanza kumwita huku na kule. Akamuaga mkewe kwa miezi mitatu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemroga, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka, na aibu ya kuchelewa ikazidi kuwa nzito hadi kurudi kukamshinda. Alipiga simu mara mbili tatu. Mara ya mwisho mkewe alimwambia amwache mtoto akue kwa amani, naye akaona hilo ni jambo jepesi kutii. Sitamtetea.

Kwa hiyo alipouona ule mkono hakuhitaji kutafuta jina kwenye orodha, ingawa alilitafuta. Binti alitumia jina la babu yake mzaa mama. Na hakuna kocha mwenye akili zake anayeweza kumfundisha mtu kubana mkono namna ile. Hilo linafundishwa na kanda, inayochezwa na kurudishwa nyuma na kuchezwa tena, mtoto akiwa amekaa mbele yake peke yake sebuleni.

Akaandika nane na nusu. Wenzake walitoa sita. Alama yake ikatupwa kama sheria inavyotaka, na jaji mkuu, anayepokea alama zote, akageuka kumtazama kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua. Hapo Nusu akajua mambo mawili. Kwamba kwa binti yule macho yake hayafai. Na kwamba hataki tena kuandika "Hakuna."

Asubuhi alikwenda ofisini kwa katibu wa mashindano, mama wa makamo aliyekuwa na feni moja, mafaili mengi, na ulimi usiolala.

"Nataka kubadilisha fomu yangu," Nusu akasema. "Mstari wa nne."

"Heh. Leo umekumbuka kwamba una ukoo?"

"Nimekumbuka."

"Basi nisikilize kabla hujafungua mdomo." Katibu akavua miwani. "Ukinitajia jina, mimi nachukua fomu ya huyo mshindani nazilinganisha. Kama naye amekutaja, unatoka kwenye kiti raundi zake, mambo yamekwisha. Kama hakukutaja, ameficha, na aliyeficha anaondolewa. Sikuitunga mimi hiyo sheria, kwa hiyo usininunie."

"Naomba nizione fomu zao kwanza."

"Hizo hapo. Hazina siri."

Alizipekua taratibu, akijitia anapitisha macho tu. Ya binti ilikuwa ya tisa. Mwandiko ulikuwa wa herufi zilizosimama wima. Mstari wa nne: Hakuna. Chini yake alikuwa amepiga mstari, mara mbili, na kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikaacha alama upande wa pili. Mtu asiyejua kitu hapigi mistari miwili.

Nusu akairudisha fomu mahali pake. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amenyamaza kwa kujipendelea, na leo, siku aliyopata ujasiri wa kusema, kusema kwake kungemtoa mtoto mashindanoni.

"Haya, ni nani?" katibu akauliza.

"Hakuna. Nilichokuja kusema ni kwamba macho yangu hayaoni vizuri."

Katibu akavaa miwani yake tena. "Jana ulipotoa nane na nusu kwa wimbi la alama sita, nilijiuliza. Lakini unajua jaji akishaandika kwamba haoni, haitwi tena? Si hapa tu. Popote."

"Najua."

"Na huna kazi nyingine."

"Sina."

"Weka sahihi hapa, basi. Na pole."

Akaweka sahihi. Akatoka bila beji shingoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano hakuwa amekatazwa kuongea na mtu yeyote.

Alimkuta binti kwenye bomba ambako washindani husuuza mbao zao. Alikuwa peke yake, nywele zikimchuruzika, fulana nyekundu begani. Fainali ilikuwa baada ya saa moja.

"Shikamoo," binti akasema, kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote anayepita njiani.

"Marahaba."

Binti akaendelea kusuuza. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Majaji hawaruhusiwi kuongea na sisi."

"Mimi si jaji tena. Tangu asubuhi."

"Kwa nini?"

"Macho."

Binti alimtazama jicho moja, kisha la pili, akafunga bomba. "Mama alikuwa na kanda," akasema. "Kwa hiyo usianze kujitambulisha."

"Sianzi."

"Kwenye fomu niliandika hakuna."

"Nimeiona. Hukukosea."

Hilo binti hakulitarajia. Nusu aliona mabega yake yakishuka kidogo, kama ya mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akamkosa mgomvi. Alitamani kusema mengi. Maneno ya msamaha alikuwa nayo, alikuwa ameyatunga kwenye vyumba vingi vya kupanga, na sasa yote yalimnukia kama nguo zilizokaa muda mrefu chini ya begi. Akasema jambo moja tu lililokuwa na faida.

"Mkono wako wa kushoto. Kwenye ile kanda mkono wangu ulikuwa umevunjika. Niliubana kwa sababu ulikuwa unauma, haukuwa mtindo. Wewe wako ni mzima. Ufungue, unyooshe mbele, utageuka unavyotaka."

Binti akautazama mkono wake.

"Kocha amenipigia kelele miaka minne kuhusu huu mkono," akasema. "Nikawa namwambia ndivyo nilivyozaliwa." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ulivunjikaje?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ulikuwa kifuani kwangu, mwanangu, na mkono huu ndio uliokukinga. Lakini angelisema, lingekuwa kama kudai kitu, na yeye hakuwa na haki ya kudai hata maji ya kunywa.

"Nilianguka kwenye ngazi," akasema. Nusu nyingine ya jibu akaiacha huko huko ilikokuwa.

"Haya. Asante, mzee."

Akabeba ubao wake akaenda.

Nusu aliitazama fainali kutoka mchangani, amesimama katikati ya watu wenye miavuli na watoto, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji ya chupa alipumzisha ndoo karibu naye.

"Una mtu wako humo majini?"

"Yule wa fulana nyekundu."

"Ni nani wako?"

"Mwanangu," akasema Nusu. Hakuwahi kulitamka mbele ya mtu tangu mtoto akiwa wa kubebwa, na lilimtoka kwa sauti ya kukwaruza.

"Aa, hongera," mwanamke akasema, akainua ndoo yake na kwenda kuuza mbele.

Dakika nne zilibaki. Binti alikuwa wa pili. Likaja wimbi refu, akalidaka, akasimama, na mkono ukaenda ubavuni wenyewe kwa mazoea. Nusu akaubana wa kwake. Kisha binti akaufungua. Aliunyoosha mbele, vidole vikiwa wazi, na mwili wote ukaufuata, akapanda hadi kileleni mwa wimbi na kushuka, akapanda tena, bila kukwama popote. Watu waliokaa wakasimama.

Nusu alimtafuta kijana wa dakika sita. Alitazama mgongo, magoti, shingo, kwa yale macho yaliyokuwa bora kuliko ya jaji yeyote pwani ile, na hakumwona. Kulikuwa na binti tu, anateleza kwa namna yake mwenyewe, hana deni la mtu. Kitu kimoja alichokuwa nacho cha baba yake alikuwa amekiachia pale majini, na ni baba yake aliyemwambia akiachie.

King'ora kikalia. Mtangazaji akaanza kuzisoma alama na kelele zikamfunika. Watu walikimbilia majini kumbeba, kocha wake mbele.

Nusu alibaki nyuma, mkono wa kushoto bado umebanwa ubavuni.

"Kumi," akasema. "Kumi kamili." Hakukuwa na mtu karibu wa kuiandika.