Usimwambie Mtu

"Marahaba, mwanangu," alisema Nurjahan, na Ummy hata mdomo hakuufungua.

Sikuzani, mama yake, alimtolea jicho yule binti wa Kihindi. Marahaba ya nini, na mtoto hakuamkia? Miezi mitatu sasa Ummy, mwenye miaka sita, hajamwamkia mtu. Mtaa mzima wa Itetemia wanasema hana adabu, mama yake anaona haya hata kupita dukani, halafu huyu anaitikia hewa! Ama anamdhihaki mtoto, ama ndiyo mitego yenyewe imeshaanza.

Mambo yaliharibika siku alipozikwa Mzee Twalibu, baba yake Sikuzani. Asubuhi ya siku ile Ummy alikuwa anaongea kama chiriku. Kufika magharibi, kimya. Wakasema kapatwa na jini. Akasomewa, akafukizwa, akanyweshwa kombe, wapi! Mwisho mwalimu mkuu akatoa kauli: mtoto apimwe na mtaalamu wa saikolojia, la sivyo atahamishiwa shule ya bweni ya wenye mahitaji maalumu, mkoa mwingine huko. Tangu hapo roho ya Sikuzani ilikuwa juu juu. Kupimwa akili! Ikishaandikwa kwenye karatasi kwamba mtoto ana kasoro, nani atakuja kuifuta?

Mtaalamu mwenyewe ndiye huyu Nurjahan, na siku ya kwanza hakumgusa mtoto. Alimhoji mama: mimba ilikuwaje, mtoto alitembea lini, analala na nani, anaogopa nini. Kila jibu, kalamu inatembea.

"Mbona unanipima mimi?" Sikuzani aliuliza kwa ukali.

"Leo simpimi mtu, Mama Ummy. Namuuliza anayemjua zaidi. Hapa hakuna sindano, wala hakuna kufaulu na kufeli. Tutaonana mara nne, labda tano. Nitacheza naye, atachora, kisha nitakueleza nilichokiona. Hakitafika shuleni kabla wewe hujakisikia."

Maneno matamu hayo. Sikuzani hakuzaliwa jana. Hata baba yake huyu binti, mzee Rizwan, alikuwa na ulimi huo huo dukani kwake, na vitenge vyake vikachuja kwa maji ya kwanza.

Siku ya pili zikaja tofali za mbao na midoli. Mtu mzima na shahada zake, kakaa chini anachezea midoli, eti kazi! Sikuzani alikaa pembeni, hakupepesa macho.

Kabla ya kwenda mara ya tatu, alimpiga mwanawe msasa nyumbani. "Akikwambia uchore, chora nyumba na maua. Basi. Mambo yetu usimwonyeshe mtu, umesikia?" Ummy akaitikia kwa kichwa.

Na kweli, pale mkekani mtoto alichora nyumba, akachora na maua, akamgeukia mama yake. Sikuzani akashusha pumzi. Haya, aandike sasa tuone!

Nurjahan aliitazama ile picha, akaigeuza karatasi upande wa pili. "Hiyo umemchorea mama," alisema taratibu. "Sasa chora ya kwako."

Sikuzani alitaka kusimama, amshike mtoto mkono waondoke, lakini Ummy alikwishainama. Alichora shimo, ndani yake mtu amelala. Kando ya shimo akachora mtu mwingine, amesimama, kavaa koti lenye vifungo vikubwa. Kidole cha mtu huyo alikiweka mdomoni.

"Mama Ummy, unamfahamu huyu mwenye koti?"

Alilifahamu koti. Lilikuwa la baba yake, la tangu alipokuwa mtumishi wa reli pale Kigwa. Na aliyelivaa siku ya mazishi alimfahamu pia: Mzee Majidi, Mzigua, mtani wao, utani wa tangu babu zao walipobeba mizigo kwenda pwani. Wanaume walipotoka makaburini, Majidi alitangulia, akaingia uani na koti la marehemu, na fimbo ya marehemu, anakohoa kile kikohozi chenyewe, anadai chai yake. Waliokuwa wakilia wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani.

Ummy alichomoka, "Babu!", akamkumbatia miguu. Majidi, utani umemkolea, akainama, kidole mdomoni: "Nimetoroka kaburini, mjukuu wangu. Usimwambie mtu!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Sikuzani mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kwenye arobaini kisa kile kikasimuliwa tena, hakuna aliyemkumbuka mtoto, na wakacheka upya.

"Ya Rabi," alisema, akaeleza yote. "Na mimi nilicheka." Aliingojea kalamu iandike. Kalamu ilikuwa mezani, imelala.

"Mwambie wewe," alisema Nurjahan. "Mimi atanisikia tu. Wewe atakuamini."

Sikuzani aliteremka kitini, akakaa mkekani.

"Ummy. Yule hakuwa babu. Alikuwa Babu Majidi, kavaa koti la babu. Alikuwa anatania, na sisi wakubwa tulicheka, hatukukwambia. Tumekukosea, mwanangu. Hakuna siri. Sema unachotaka."

Mtoto alimwangalia mtu wa koti. Miezi mitatu alikuwa amemfichia babu yake siri, mdomo kaufunga isimtoke, babu asije akarudishwa kaburini. Kisha akateremsha kidole mpaka ndani ya shimo.

"Kwa hiyo babu," alisema, na sauti ilikwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, "bado yumo humu?"

Sauti ile Sikuzani aliiombea kila swala. Aliitazama kalamu pale mezani, akatamani iandike jibu lolote, amsomee.

"Yumo, mama," akasema.

Ummy akalia. Alilia kilio kikubwa, cha siku ile ya mazishi, mpaka watu waliokuwa nje wakachungulia dirishani. Sikuzani alimpakata, na hakumwambia anyamaze.