Wanaume Mia Tatu na Kumi na Mmoja

Kidole gumba cha fundi vioo kilikuwa na plasta mbili, na bado kilikuwa kinafuta wanaume.

Simu si yake. Ni ya mdogo wake, mkunga, aliyeinamia beseni akifikicha sare ya kazini, povu limempanda hadi viwikoni. Alikuwa amerudi kwenye mtandao wa kutafuta wachumba majuma mawili tu, na tayari wanaume mia tatu na kumi na mmoja walikuwa wamemwandikia.

"Nipunguzie hao watu, kaka. Wananijazia simu."

Fundi akacheka. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye mtandao huohuo miezi saba. Alikuwa amewaandikia wanawake sitini na wanne, kila mmoja barua yake, baada ya kusoma wasifu wake mstari kwa mstari. Wawili walijibu: mmoja aliuliza "Nani?", mwingine alikosea mtu. Hilo hakumwambia yeyote.

"Mambo mrembo." Akafuta. "Upo?" Akafuta. Mmoja katuma kifua kitupu. Mwingine kasema wazi kwamba ndoa hataki, anataka kupunga upepo tu.

"Huyo angalau mkweli," mkunga akasema. "Mimi natafuta baba wa watoto, wao wanatafuta Jumamosi."

Ndipo kaka akaikuta barua ndefu. Fundi magari, mjane, miaka arobaini. Alikuwa ameona mkunga kaandika kwamba huimba akipika. Akasema nyumba yake haijasikia wimbo mwaka wa tatu sasa. Fundi vioo akaisoma mara mbili, moyo ukimwenda mbio kana kwamba kaiandika yeye.

"Huyu amekusoma. Mjibu."

"Ndefu?"

"Ndefu, ndiyo."

"Futa." Akaikamua sare. "Wale wawili wa mwaka jana si waliandika ndefu? Kumbe wote wana wake zao. Anayejua kuandika hivyo, kaka, kashawaandikia wengi."

"Na kama huyu ana nia?"

"Nitamjuaje, katika mia tatu? Nikimpa kila mmoja robo saa, wanawake wa watu nitawazalisha saa ngapi?"

Fundi vioo akatafuta kosa katika maneno hayo, akalikosa. Hilo ndilo lililommaliza nguvu.

Akagusa "Futa"; simu ikamuuliza kama ana hakika. Akilini akamwona yule fundi magari, mahali asipopajua, akijipangusa grisi vidoleni ili atazame kama amejibiwa.

"Bado wengi?" mkunga akauliza.

Akabonyeza "Ndiyo". "Bado," akasema.